"Pupil": mboni ya jicho au mwanafunzi? Tupeane uzoefu

Mwalimu Chaki
Wakuu, habari za jioni. Kiingereza kina neno "pupil", mwanafunzi wa shule ya msingi, na papo hapo ni lile tundu jeusi katikati ya jicho. Si maneno mawili yaliyogongana, ni ndugu wa tumbo moja. Kwa Kilatini "pupa" ni msichana au mwanasesere. Mtazame mtu machoni kwa karibu, utakiona kisura chako kidogo humo ndani. Warumi wakaliita tundu hilo "pupilla", kimwanasesere. Yatima aliye chini ya mlezi naye akaitwa "pupillus", likapita Ufaransa, likafika Uingereza, mwisho likawa mwanafunzi. Nani limeshamchanganya? Funguka.

Zamu ya Usiku
Mimi muuguzi. Kijana aliletwa kaanguka na bodaboda, kagonga kichwa. Daktari akammulika tochi machoni, akanitajia kwa Kiingereza niandike: "pupils" ziko sawa na zinaitikia mwanga. Baba yake, mwalimu mstaafu, akanivuta pembeni: "Binti, kumbe hapa mna na darasa?" Nilicheka hadi machozi, ila moyoni nilikuwa nashukuru. Mboni moja ikitanuka na kugoma kusinyaa kwa mgonjwa wa kichwa, huenda ubongo unabanwa, na hapo hakuna wa kucheka.

Mtoto wa Bukavu
Jambo wandugu. Sisi tuliosoma Kifaransa tuna "pupille", na kwetu ule uyatima haujafutika. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watoto waliopoteza wazazi vitani wakawa "pupilles de la Nation", yaani watoto wa taifa. Mara ya kwanza kusikia darasani nikaelewa "mboni za taifa". Na bado naona imekaa vizuri kuliko maana yenyewe!

Bint Muscat
Asalaam alaykum. Waarabu nao wana "insani" wa jicho, yaani mtu wa jicho. Na Wagiriki walisema "kore", binti. Sasa kila nikimpaka mwanangu wanja huwa namwambia atulie, kuna mtu ndani ananiangalia. Anatulia kweli.

Mzee wa Kilindini
Mwalimu, hao wote wameona mwanasesere. Mswahili kaona kuona. Nilifanya kazi Durban, kila asubuhi "sawubona", maana yake tunakuona. Wazulu wanasema "bona", sisi tunasema "ona"; ile b yetu imedondoka njiani, lakini kwenye "mboni" bado ipo. Mtafute mwanasesere humo, hayumo.

Mwalimu Chaki
Shikamoo mzee. Hiyo b sikuwahi kuiwazia. Hapo wamekushinda kwa picha, umewashinda kwa mantiki.

Konda Mstaafu
Mimi lugha siziwezi, nina uzoefu wa jicho lenyewe. Kliniki walinitia matone ya kutanua mboni wapate kuchungulia nyuma ya jicho. Kutoka nje, jua la saa saba! Mboni haisinyai, mwanga wote unaingia. Mimi niliyekuwa naita abiria toka mbali nikashindwa kusoma kibao cha daladala. Ukienda kupimwa beba miwani ya jua, na mtu wa kukushika mkono.