Kompyuta inajizima, mara skrini ya buluu, mara kimya tu: ni draiva au ni nini?

Mchapaji wa Katuba

Jambo wakubwa. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Nachapia wanafunzi TFC (kazi yao ya mwisho wa masomo) nyumbani, na sasa ndio msimu wao, kila mmoja anataka kazi yake kesho asubuhi. Kompyuta ni ya mezani, ya okazioni (iliyokwisha tumika), Windows 10 ya Kifaransa, kumbukumbu (RAM) gigabaiti 8 kwa vijiti viwili, na kadi ya picha ya kuchomeka ambayo niliikuta humo ndani tangu nainunua.

Shida ni hii. Kuna siku napitia PDF ya kurasa nyingi, au mtoto anaangalia video, picha inaganda, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu buluu yenye maandishi VIDEO_TDR_FAILURE. Siku nyingine hakuna buluu wala onyo. Nachapa, mara tap! imezima, inajiwasha upya yenyewe. Ukurasa wa shukrani wa kijana mmoja nimeuandika upya mpaka nawajua shangazi zake wote kwa majina.

Fundi mmoja wa mjini aliiformati, ikakaa vizuri kidogo, ikarudia. Akaiformati tena, yale yale. Sasa anasema ubao mama umekufa na yeye anayo kompyuta nyingine ya kuniuzia. Katikati ya hayo mtoto wa kaka yangu akashusha programu ya kusasisha draiva zote (zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) kwa mara moja. Ikatangaza kwamba karibu kila draiva ni mbovu, ikabadilisha chache bure, kwa zilizobaki inadai kadi ya benki. Tangu siku hiyo hata sauti haitoki.

Nisaidieni kabla sijatoa pesa. Ni draiva? Ni ubao?

Kijana wa Kampemba

Yaya, dada yangu, weka Windows 11 tu. Hiyo 10 Microsoft waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, ndiyo maana inakusumbua.

Fundi Bel-Air

Kijana, tarehe umeisema sawa, sababu hapana. Windows iliyoachwa inakosa viraka vya usalama, lakini haianzi kujizima kwa ajili hiyo. Tena 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za okazioni zinazoletwa huku hazina. Utamtoa mama wa watu kwenye shida moja umwingize kwenye mbili.

Mama Mchapaji, pole. Mimi nasoma maelezo yako naona magonjwa mawili yamelala kitanda kimoja, na fundi wako anayatibu kwa sindano moja. Kuzima kwa buluu na kuzima kwa kimya si kitu kimoja. Kwanza tuyatenganishe, na hilo halina gharama.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua "Observateur d'événements", ingia "Journaux Windows", kisha "Système". Tafuta mistari yenye Kernel-Power, namba 41. Mstari huo Windows inauandika kila inapowaka na kukuta kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua mmoja mmoja, nenda "Détails", angalia palipoandikwa BugcheckCode. Ukikuta 278, hiyo ndiyo buluu yako ya kadi ya picha (kwenye orodha za Microsoft inaandikwa 0x116, ni namba ile ile imevaa nguo nyingine). Ukikuta 0, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika sababu. Mara nyingi hapo umeme umekatika chini ya miguu yake, na draiva unaisingizia bure.

Andika na saa ya kila tukio. Saa ndiyo itakayotuambia mengi.

Wakati unatafuta, iondoe ile programu ya kusasisha draiva. Hizo programu zinakisia. Zinaona kifaa cha sauti, zinaleta draiva ya kifaa kinachofanana nacho jina, basi. Kwa sauti fungua "Gestionnaire de périphériques", bonyeza mara mbili kifaa cha sauti, kichupo cha "Pilote", halafu "Restaurer le pilote". Kitufe kikiwa cha kijivu, kiondoe kifaa hicho chote, weka alama kwenye kisanduku kinachouliza kama draiva nayo ifutwe, uwashe upya. Windows ina draiva yake ya sauti ya jumla. Haina mapambo, lakini utasikia.

Mwanafunzi Poly

Fundi, samahani naingilia. Mbona hamuongelei RAM? Ya kwangu ilikuwa inaleta buluu kila siku, nikaendesha MemTest86, programu ya kuipima RAM, kutoka kwenye flash, kijiti kimoja kilikuwa kibovu.

Fundi Bel-Air

Hujakosea kuuliza. Ila yako ilikuwa inaleta maandishi gani? Nabashiri leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa lingine. RAM mbovu haina adabu, inaharibu chochote kilichokaa pale. Ya mama huyu inaimba wimbo mmoja, VIDEO_TDR_FAILURE peke yake. Buluu moja inayojirudia, tena wakati wa video na PDF, mimi naanza na draiva ya kadi ya picha. MemTest ataiendesha usiku ambao umeme utakubali kulala hapa kwetu.

Mchapaji wa Katuba

Aksanti baba fundi. Nimefanya kama ulivyosema. Sauti imerudi kwa kile kisanduku cha alama. Kitufe cha kurudisha kilikuwa cha kijivu.

Mistari ya 41 iko mingi. Ile yenye 278 imetawanyika, asubuhi, mchana, saa yoyote. Ile yenye 0 karibu yote iko kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Nikakaa kufikiria, hiyo ni saa ya kupika bukari (ugali). Mtaa mzima umewasha resho, majiko ya umeme. Taa yangu ya sebuleni inakuwa nyekundu kama mshumaa, na friji inanguruma bila kugandisha. Kompyuta na friji viko kwenye ralonji moja (waya wa kurefusha umeme).

Mtu wa Ruashi

Mama, hii mambo sisi Ruashi tunaijua. Mie ni mfundi wa kuran, wa umeme. Kabini moja (transfoma ya mtaa) inalisha watu wengi kuliko walivyoipangia, resho zikiwaka zote volti inashuka. Inatakiwa 220. Jioni nyumbani kwangu mita inasoma 165, siku mbaya chini ya hapo. Taa itavumilia. Kompyuta, inategemea pawasaplai yake, kile kisanduku cha ndani kinachoilisha umeme.

Toa friji kwenye ile ralonji leo leo, usingoje kesho. Kila mota ya friji inapoanza inavuta kuran mingi kwa mara moja, na wewe uko pale pale karibu yake.

Halafu nyuma ya kompyuta, karibu na tundu la waya, angalia kama kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Usikiguse! Kuna vijana wanakishusha kwenye 115 jioni ili kompyuta iwake na kuran kidogo. Inawaka kweli. Saa nne usiku watu wanazima resho, volti inapanda kurudi 220, na utasikia mlio kama baruti.

Fundi Bel-Air

Namuunga mkono mtu wa Ruashi kwa kila neno, hasa hilo la kiswichi. Nimefungua masanduku ya namna hiyo. Harufu haitoki karakana wiki nzima.

Sasa twende ugonjwa wa kwanza, 278. Windows inaipa kadi ya picha kazi na kuihesabia. Kama ndani ya sekunde 2 kadi haijajibu, Windows inaiwasha upya draiva yake, na ule weusi mfupi unaouona ndio huo. Ikishindwa kuiamsha, ndipo buluu inakuja. Kwa hiyo maandishi yanataja draiva, lakini aliyechelewa anaweza kuwa draiva, kadi yenye joto, au kadi isiyopata umeme wa kutosha. Tunaanza na kilicho bure.

Kwa nini formati ilikupa nafuu ya muda? Dhana yangu: baada ya formati Windows inatumia draiva yake ya msingi, picha mbaya lakini tulivu. Ukiunganisha intaneti, Windows Update inaleta draiva ya kadi kimya kimya, toleo lisilopatana na kadi yako ya zamani. Nafuu inaisha hapo. Hata ungeformati mara ngapi, Windows Update itairudisha ile ile.

Jua kadi yako ni ipi. Katika "Gestionnaire de périphériques", kwenye kadi ya picha, "Propriétés" kisha "Détails", kuna orodha ya kuvuta. Chagua ile inayotaja utambulisho wa kifaa. Utaona VEN_ na tarakimu. VEN_10DE ni Nvidia, VEN_1002 ni AMD, VEN_8086 ni Intel. Baada yake DEV_ inakupa modeli yenyewe. Na hayo mawili unaenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, unachukua toleo lililoandikwa wazi kwamba linahudumia modeli hiyo kwenye Windows 10. Jipya kuliko yote si lazima liwe jema kwa kadi ya zamani. Faili ni la mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiliangamizie forfeti (bando) ya simu. Nenda saiba na flash. Chukua na programu inayoitwa DDU, ni ndogo.

Kisha chomoa intaneti. Shikilia Shift huku unabonyeza kuwasha upya, ingia hali salama, endesha DDU ifagie draiva ya zamani mpaka mizizi. Washa kawaida, weka ile ya kwenye flash. Kabla ya kurudisha intaneti, ingia kwenye mipangilio ya usakinishaji wa vifaa, uiambie Windows isishushe tena draiva yenyewe. Ukiruka hatua hii ya mwisho tutaonana hapa hapa na malalamiko yale yale.

Na ukiwa umezima na kuchomoa waya, fungua ubavu wa kasha. Kiangazi cha huku kinaacha vumbi jekundu, na likichanganyika na mafuta ya jikoni linakuwa kama udongo wa tofali kwenye feni. Brashi laini ya rangi inatosha. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke. Ukiwa hapo, tumbukiza macho kwenye matundu ya pawasaplai (usiifungue, ina umeme hata ikiwa imechomolewa). Ndani kuna vikopo vidogo vya mviringo vyenye kichwa bapa. Kama kipo kilichovimba kichwa au kutoa ute wa kahawia, niambie.

Kijana wa Kampemba

Baba fundi, kwa hiyo yaya anunue UPS, ile ya betri ya akiba?

Mtu wa Ruashi

Stabilaiza kwanza, kijana. Zile UPS za bei ndogo, volti ikishuka zinahamia kwenye betri, dakika chache betri imekwisha, na shida ya jioni inachukua saa mbili. Nyingine umeme wao haukuviringika vizuri, una kona, na pawasaplai zingine za kisasa zinaukataa, kompyuta inazima pale pale UPS inapoingia. Stabilaiza inapandisha volti iliyoshuka. Umeme ukikatika kabisa haikusaidii kitu, hilo mama ajue.

Mama, ukienda kununua soma kibandiko: inaanza kufanya kazi kuanzia volti ngapi? Kuna zinazoanzia 180. Hizo Katuba hazikufai jioni.

Mchapaji wa Katuba

Narudi na habari. Kadi ilikuwa na toleo la draiva la miaka ya baadaye kuliko kadi yenyewe. Nimefagia kwa DDU, nimeweka lile la kwenye tovuti ya mtengenezaji, Windows nimeifungia. Tangu hapo 278 haijaonekana, na nimeijaribu makusudi, video na PDF ya ramani za jiolojia vyote kwa pamoja.

Vumbi, baba, tulitoa la kujaza kikombe. Feni ya kadi ilikuwa haizunguki kabisa mpaka ilipopigwa brashi. Na kwenye pawasaplai vipo vikopo viwili, vimevimba kama maandazi.

Friji nimeitenga. Kuzima kwa kimya kumepungua lakini bado kupo jioni. Nimempigia yule fundi wa mjini kumwambia vikopo vimevimba, amesema hata hivyo ubao umekufa.

Fundi Bel-Air

Ubao uliokufa hauchapi TFC mchana kutwa. Huyo mwache.

Badilisha pawasaplai nzima, usikubali mtu akuuzie habari za kuchomelea vikopo viwili, maana vilivyobaki vina umri ule ule. Ya okazioni inakubalika kama ni nzito mkononi na kibandiko kinasema 100 mpaka 240 bila kiswichi. Hiyo inavumilia volti ya chini kuliko yako ya sasa. Ukiiweka, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uangalie mstari wa volti 12. Kawaida iwe kati ya 11.4 na 12.6. Angalia jioni, saa ya bukari. Asubuhi kila pawasaplai ni nzima. Stabilaiza ifuate pesa zikipatikana, kwa kipimo alichokupa mtu wa Ruashi.

Wakati unangoja, fungua Word, "Options", "Enregistrement". Imewekwa ihifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Weka 1. Na hao wanafunzi wakikuletea flash wanasema haina virusi, ipime hata kama ni ya mtoto wa pasta.

Mchapaji wa Katuba

Ya mtoto wa pasta ndiyo ilikuwa na virusi kumi na nne mwaka jana. Kesho naenda kutafuta pawasaplai. Kama kuna mtu anajua duka la kuaminika upande wa Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, aniandikie.