Wa njano alikuwa MWANAUME! Nimetapeliwa utoto wangu wote

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Kile kipindi cha vijana watano wa rangi rangi wenye maroboti ya dinosau, mnakijua, sikitaji. Mimi utotoni nilikuwa wa njano. Sisemi nilimpenda, NILIKUWA yeye. Niliraruana na binamu yangu kwa ajili ya shuka la njano.

Jana mtoto wa kaka yangu ananiambia, "Shangazi, ndani ya ile helmeti alikuwa mwanaume." Nikamfokea. Akanionyesha kwenye simu. Mapigano mengi yalichukuliwa kwenye kipindi cha Kijapani cha 1992, Wamarekani wakaja 1993 wakapachika sura zao, wa njano wakamfanya dada. Na kule Japani wa njano ni mwanaume. MWANAUME!

Ndiyo maana wa pinki ana kisketi na wa njano hana! Miaka yote nimekitazama kile kiuno. Na ndiyo maana wakivaa helmeti walikuwa wanaongea kwa kutikisa vichwa na kurusha mikono kama wanafukuza nyuki.

Niliyekuwa namshangilia hadi sauti inakauka ni kaka wa watu. Sijalala.

mzee_wa_rimoti: Hahahaha pole dada. Na shuka la watu ukararua.

kisogo: Sketi haipo, ulitaka wakutumie barua?

Mleta uzi: Nilikuwa mtoto! Mtoto anakagua sketi?

mama_pacha: Afadhali wewe. Yule ndege mkubwa wa njano, yupo tangu 1969, ndani kuna mtu kainua mkono juu, na huo mkono ndio kichwa. Tangu nijue, akicheka naona kiwiko.

Mleta uzi: Ndege hakuna aliyekuapia ni ndege. Mimi niliapiwa ni dada!

kisogo: Nani alikuapia?

bin_katuni: Acheni hayo. Yule dogo wa kofia mwenye panya wa umeme ana miaka 10 tangu 1997. Kapigwa ligi baada ya ligi, kombe la kwanza la ligi kalipata 2019. Mimi nimeota mvi namsubiri.

mzee_wa_rimoti: Na ile ya visiwani?

bin_katuni: Ile haihesabiki.

mama_pacha: Inahesabika, alishinda!

bin_katuni: HAIHESABIKI. Haikuwa ligi kamili.

Mleta uzi: Jamani, wa njano...

kisogo: Dada subiri kwanza. Bin Katuni, kwa nini haihesabiki?