Wenye gesti, migahawa na grosari: wakaguzi walikukuta na nini? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi: Wakuu, habari za majukumu. Nina gesti ya vyumba 9 Morogoro, huu mwaka wa 6. Leseni nimeitundika kaunta, cheti cha zimamoto kipo, mtungi wa moto umejazwa. Nikajiona niko vizuri. Mwezi uliopita saa 5 usiku wakaguzi wakaingia, ukutani hawakutazama kabisa. Wakaomba daftari la wageni. Chumba namba 4 kijana wa zamu kaandika "Juma, Dar, biashara". Basi. Kitambulisho hakuna, kabila hakuna, anakokwenda hakuna, sahihi hakuna. Namba 7 hakijaandikwa kabisa, na viatu viko mlangoni. Hapo nikakosa la kusema, maana kila chumba kikilala mgeni kuna ushuru wa halmashauri ndani yake, hiyo hela si yangu. Kisipoandikwa nimekwepa ushuru, hata kama nilikuwa nimelala kwangu. Nimepewa kontro namba, faini nimelipa. Nyie mnajipangaje?

Mama Chapati: Pole mkuu. Mimi nina mgahawa Tabata. Mpishi aliondoka ghafla, mpya kaanza Jumatatu, Jumatano bwana afya huyu hapa anataka vyeti vya kupimwa afya. Nikamwambia huyu shemeji yangu tu, kapita kusalimia. Akamtazama shemeji anavyogeuza chapati tatu kwa mpigo, akacheka sana. Akacheka huku anaandika. Siku hizi kwangu mtu hagusi mwiko kabla hajapima, na hela ya kupima natoa mimi, ukimwachia mwenyewe ni kesho, keshokutwa. Vyeti ni vya miezi 6, kwa hiyo tarehe ya kila mmoja nimeiandika kwa makapeni kwenye mlango wa friji.

Jirani wa Msamvu: Mkuu, nimewahi kukaa kaunta ya gesti miaka 2, ngoja nikuibie siri. Mgeni wa namba 7 hajasahauliwa. Yule kaja na mtu ambaye hataki ajulikane, kampa kijana elfu 5 "ya soda" asiandikwe. Kwa mshahara unaomlipa, ataikataa?

Wa Grosari: Wenye vinywaji, leseni ya vileo si ya mwaka kama ile ya biashara, ni miezi 6. Mimi iliniponyoka hapo. Kingine, risiti za EFD (zile mashine za TRA) zinafutika. Niliombwa za manunuzi ya mwaka juzi, nikafungua boksi nikakuta karatasi nyeupe tupu. Toeni kopi siku hiyohiyo, na ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku, itoeni kwenye mashine kila jioni.

Mwenye uzi: Shukrani wakuu. Jirani, nimetoka kumuuliza kijana habari za hiyo elfu 5. Anaangalia chini tu, anachezea ufunguo wa namba 7.