Nyumba ya kichawi ndo inawapendanisha wahusika wangu, wasomaji wanasema penzi sio lao. Naombeni ushauri

Kalamu_Kavu
Habari zenu wakuu. Naandika riwaya fupi ya mapenzi ya vijana, ya kufikirika, yote iko ndani ya nyumba moja yenye uchawi. Rehani, miaka 17, anakimbia mvua anaingia kwenye nyumba ambayo kila usiku inajipanga upya, ngazi zinahama, korido inarefuka, milango inachagua nani apite. Ndani kuna kijana anaitwa Sadi, ana laana hawezi kuvuka kizingiti. Sasa nyumba imewapenda hawa watoto basi inafanya visa, inawafungia maktaba, inazima taa zote inabakiza mshumaa mmoja, wakinuniana kuta zinasogea mpaka wagongane. Mimi naandika huku nacheka mwenyewe. Ila niliowapa wasome karibu wote wanasema penzi ni la nyumba, sio la hao wawili, na mmoja kaniambia kabisa inatisha, binti kafungiwa ndani halafu mnaita mapenzi? Nikitoa visa vya nyumba hadithi inakufa, nikiviacha ndo hivyo tena. Iko kwenye maneno kama elfu 38, mwishoni laana inavunjika kwa busu. Nafanyaje?

MsomajiMkorofi
Apewe maua yake huyo aliyesema inatisha. Swali moja tu, mlango wa mbele unafunguka? Kama Rehani hawezi kutoka, hata umwandikie maneno matamu vipi mimi nasoma mateka.

Kalamu_Kavu
Haufunguki mpaka sura ya mwisho 😅

MsomajiMkorofi
Basi ndo hapo.

BibiVitabu
Mjukuu wangu usiogope, hili swali lina umri. Kile kisa cha Mrembo na Mnyama alikichapisha Gabrielle-Suzanne de Villeneuve kule Ufaransa mwaka 1740, kirefu, kimejaa historia za ukoo na mizozo ya wanawake wenye uchawi huko nyuma, halafu 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akakifupisha na hicho kifupi ndo kikasambaa dunia nzima. Angalia kinavyofanya kazi. Kila usiku Mnyama anamuuliza binti kama atakubali kuwa wake, kila usiku anakataa, na akikataa hakuna ukuta unaomsogelea. Baadaye anaomba ruhusa kwenda kwao, anapewa, anachelewa, kisha anarudi kwa hiari yake. Na laana haivunjwi na busu, inavunjika pale binti anapokubali kwa mdomo wake kuolewa naye. Kwa hiyo mpe Rehani nafasi ya kusema hapana mapema, na hiyo hapana iheshimiwe. Nyumba yako haimsikilizi mtu hata mara moja.

fundi_sura
Mi napingana kidogo na waliotangulia. Msiiue nyumba jamani, ndo kitu pekee hapo ambacho sijakisoma mahali pengine! Ila iwe na tamaa yake. Kwa nini inataka wapendane? Huenda inaogopa kubaki tupu, inajua wakipendana hawaondoki. Msomaji akishajua hivyo, ule mshumaa wa sura ya pili uliokuwa mzuri unageuka kuwa mtego, na wewe hujabadilisha hata sentensi. Halafu Rehani na Sadi washtuke kuwa wanachezewa, waanze kuishi kwa ujanja, waweke alama za chaki kwenye ngazi, wagombane kwa maigizo ili nyumba ihangaike huku wenyewe wanapeana ishara. Kwenye njama ndo penzi litaota, maana hapo kila mmoja anamchagua mwenzake na nyumba haijui.

Kalamu_Kavu
Fundi asee, ugomvi wa kuigiza!! Tayari naona sura nzima hapo. Lakini nafasi si imeisha?

fundi_sura
Usiongeze, badilisha. Tuzo za Hugo na Nebula, zile za hadithi za kufikirika, zinahesabu riwaya fupi kuanzia maneno 17,500 mpaka chini ya 40,000, kwa hiyo umebakiwa na kipande kidogo sana. Kata zile siku za mwanzo, naamini binti anatembezwa vyumbani anashangaa tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpe kazi ndani ya hiyo nyumba, akarabati kitu, atafute kitu, na Sadi amuone akiwa anafanya.

Zuhura_wa_Usiku
Hakuna aliyeuliza, huyo Sadi ana miaka mingapi? Maana mambo ya "sura ya kijana ila kaishi karne mbili" yananichosha, anamzidi binti akili na uzoefu kila kitu, tena nyumba iko upande wake.

Kalamu_Kavu
Ana 18, naye aliingia kukimbia mvua, mwaka jana tu.

Zuhura_wa_Usiku
Ohoo! Yani nyumba ilishamnasa mmoja na sasa inamtafutia mwenzake. Mbona hilo hukuliandika juu kule?? Hiyo ndo stori yenyewe.

Kalamu_Kavu
Lilikuwa limejificha sura ya tano, nalipandisha juu. Mlango nao nitaufungua katikati, Rehani atoke kabisa alale nje usiku mmoja. Busu je, nilifute?

BibiVitabu
Liache, ila lije baada ya laana kuvunjika. Wakibusiana kabla, watu watasema ni dawa.

MsomajiMkorofi
Na wakiwa nje ya uzio tafadhali, nyumba isichungulie.