Vifaranga wa Jumamosi

Mama Neema: Shikamooni wakubwa zangu. Vifaranga 5,000 wa sato wanafika Jumamosi. Tunawamwaga lamboni moja kwa moja?

Mzee Mashaka: Marahaba mwanangu. Msimwage kwanza. Lambo letu likijaa linafurika kwenye mchirizi mpaka mtoni, na mtoni ngege, perege wetu wa asili, bado wapo. Sato naye ni perege, kwa hiyo wanazaliana, na machotara wao nao wanazaa. Ngege haliwi na sato, anapotea kwa kuchanganyika damu.

Juma: Mzee, si ni madume matupu hawa? Kituoni wanakozalishwa wanalishwa homoni ya kuwageuza madume.

Rehema: Juma, hapo ndipo wengi wanapokosea. Homoni ni miligramu 60 kwa kilo ya chakula, siku 21 hadi 28, tena kifaranga akiwa bado mdogo kama punje. Kazi ikifanyika vizuri unapata madume asilimia 95 hadi 99. Chukua 98: katika 5,000 una majike 100.

Rehema: Na hata wangekuwa madume wote, dume wa sato akitoroka anaoa jike wa ngege. Madume matupu ni dawa ya bwawa kujaa samaki wadogo waliodumaa. Kwa uchotara haisaidii kitu.

Juma: 🙆🏾‍♂️ Hilo sikulifikiria.

Mzee Mashaka: Ziwa Victoria ndiyo shule yetu. Sato na sangara walipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Tusimsingizie sato peke yake lakini, nyavu za makila, zile za kunasa samaki kwenye matundu, ziliingia mwaka 1905 na ngege alianza kupungua kabla ya sato kuja. Leo ngege na mbiru, perege mwingine wa asili, wamebaki zaidi kwenye viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya, na hata huko vipimo vya vinasaba vimeonyesha dalili za damu ya sato.

Mama Neema: Tukiwaweka kwenye kizimba ndani ya lambo?

Rehema: Kizimba kinamzuia samaki mkubwa tu. Jike anaatamia mayai mdomoni, watoto wakiachiliwa wanapenya tundu za wavu. Na kenge au fisi maji akichana wavu usiku mmoja, biashara imekwisha. Samaki akishaingia lamboni hatoki tena: sumu ya kuua sato inaua na ngege.

Juma: Basi tuchimbe bwawa pembeni.

Rehema: Sawa, ila lisiguse njia ya mafuriko. Mita 20 kwa 15 ni mita za mraba 300. Kwa samaki 3 kila mita ya mraba, wanaingia 900. Hao 5,000 wanataka karibu mita za mraba 1,700. Agizo lipunguzwe mapema.

Rehema: Bomba la kutolea maji liwe na chujio mbili. Ya kwanza tundu kubwa, ya kukamata majani. Ya pili nyavu ya chandarua. Ukiweka ile ndogo peke yake inaziba usiku wa mvua, maji yanapita juu ya tuta, samaki nao hao. Acha sentimita 50 kati ya maji na ukingo. Siku ya kuvuna, maji yaelekezwe shambani, si mchirizini, na madimbwi yanayobaki myatie chokaa, kifaranga anaishi kwenye kidimbwi cha kiganja.

Mama Neema: Na lambo libaki tupu?

Mzee Mashaka: Si tupu, lina perege wake. Swali ni perege gani. Kama ni sato tayari, hofu yetu imechelewa na mjadala unabadilika. Tuvute wavu Ijumaa. Sato mkiani ana mistari myeusi iliyosimama, imepangana toka shina mpaka ncha. Ngege hana.

Juma: Mwenye mistari iliyokatikakatika?

Rehema: Mshuku ni chotara, ila jicho halitoshi. Kata kipande cha pezi kama ukucha, kila samaki kichupa chake, ethanoli asilimia 95. Spiriti ya vidonda ina maji mengi. Andika namba, tarehe, mahali. Afisa uvuvi atatuelekeza pa kupimia, na kibali cha kupandikiza kinaanzia kwake huyohuyo.

Mama Neema: Sawa. Nawapigia kituoni sasa hivi, vifaranga wasubiri. Vichupa tunahitaji vingapi?

Rehema: 30. Na mkasi mmoja, ufutwe kila baada ya samaki, damu zisichanganyike.