Naomba ushauri: fimbo, mshipi na chambo cha kuvulia besi, nikitokea Moshi

Fundi wa Soweto (Moshi)

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme hapa Moshi, na nimekuja kwenu na jambo ambalo huenda wengi wakaliona la starehe tu, lakini kwangu limekwisha kula fedha na usingizi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, na amenialika nikakae kwake siku nne mwezi Desemba. Siku mbili kati ya hizo tutaingia ziwani kuvua samaki anayeitwa besi.

Katika kuvua mimi si mgeni kabisa. Nimekulia kando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Mwanga, na tangu utotoni nimevua kambale kwa mshipi wa mkononi, kwa minyoo, kwa utumbo wa kuku, na hata kwa kipande cha sabuni ya kufulia usiku ambao hatukuwa na kitu kingine. Shemeji anasema besi havuliwi hivyo. Anataka fimbo, rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi) na chambo bandia kinachorushwa na kuvutwa. Basi nikanunua fimbo na rili kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, ile rili ya duara inayokaa juu ya fimbo. Jumamosi nilikwenda kuijaribu uwanjani, na niliporusha mara ya tatu mshipi wote ukafumuka na kujisokota ndani ya rili kama kiota cha mnana. Nilihangaika nao saa nzima kwa bisibisi, na mwisho nikaukata kwa kisu huku watoto wa jirani wakitazama.

Naomba anayejua anieleze: tatizo ni mimi au ni rili? Mshipi uwe wa unene gani? Chambo gani nianze nacho, kwa sababu dukani nimeoneshwa vya rangi arobaini? Na je, nikirudi, vifaa hivyo vitanifaa Nyumba ya Mungu, au nitakuwa nimenunua mapambo ya ukutani?

Kijana wa Kaloleni

Mzee wangu, shikamoo. Nilifungua uzi huu nikidhani unatafuta spika za besi, nikaja mbio kukuuzia. Nimebaki kusoma, maana habari ya kiota cha mnana imenifurahisha.

Nahodha wa Usa River

Ndugu Fundi, pole. Niliwahi kuishi Naivasha miaka kadhaa nikiendesha boti za wageni wanaokwenda kuvua, hivyo nitakueleza nilichokiona kwa macho.

Kwanza, umjue unayemfuata. Besi si samaki wa kwetu. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa michezo. Tabia yake haifanani na ya kambale, ambaye huzunguka usiku akinusa chakula matopeni. Besi huwinda kwa macho na kwa kuhisi mtikisiko wa maji ubavuni mwake, na huwinda kwa kuvizia: hujibanza kwenye kivuli cha mafunjo, chini ya gogo lililozama au pembeni ya magugu, akitoka ghafla kinachopita kikifika karibu. Kwa hiyo ukikaa katikati ya ziwa ukaning'iniza mnyoo na kusubiri kama tulivyozoea, unaweza kumaliza siku nzima ukiota jua. Unapaswa kupeleka chambo pale alipojificha, tena kwa umbali wa mkono mmoja au miwili kutoka kwenye kificho chake, na ukikosa unarusha tena. Kazi ya fimbo na rili ni hiyo tu, kufikisha kitu kidogo mahali padogo kutoka mbali bila kelele.

Sasa rili yako. Si mbovu, wala wewe huna kosa. Rili ya duara ina ngoma inayozunguka yenyewe wakati chambo kinaruka, na chambo kikianza kupunguza kasi hewani ngoma huendelea kuzunguka ikimwaga mshipi usio na pa kwenda. Anayeitumia huizuia kwa kidole gumba, na kidole hicho hufundishwa kwa miezi. Iweke kabatini. Tafuta rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo yenye waya unaofunguka na kufunga, kwa kuwa ngoma yake haizunguki wakati wa kurusha na mshipi huchomoka wenyewe. Saizi ya 2500 au 3000 inatosha. Rili hiyo haikai vizuri kwenye fimbo ya rili ya duara, ambayo pete zake ni ndogo, kwa hiyo utahitaji na fimbo yake: urefu wa mita 2 hivi, ugumu wa kati, yenye kupinda zaidi karibu na ncha.

Kuhusu mshipi, watakuambia maneno mengi. Mshipi wa kusokotwa ni mwembamba na hauvutiki, kwa hiyo unahisi kila mguso, lakini fundo likifungwa vibaya huteleza, na ukinasa kwenye gogo kuukata ni kazi. Kwa anayeanza, nailoni ya kawaida ya ratili 10 hadi 12, yaani inayobeba kilo 4.5 hadi 5.4, inasamehe makosa, kwa sababu huvutika kidogo samaki anaporuka. Breki ya rili uilegeze kiasi kwamba mshipi uanze kutoka ukivutwa kwa robo mpaka theluthi ya nguvu yake. Kwa mshipi wa kilo 5 ni kama kilo moja na nusu, na unaweza kupima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Wengi hukaza breki mpaka mwisho, kisha wanalalamika kuwa mshipi ni feki.

Rangi arobaini ziache dukani. Nunua mnyoo wa plastiki wenye urefu wa sentimita 15 hivi, ndoano za 3/0 zenye kona shingoni, na chubwi zenye umbo la risasi za gramu 5 hadi 7. Pitisha mshipi ndani ya chubwi kwanza, ufunge ndoano, kisha ichome ndoano kwenye kichwa cha mnyoo, uizungushe na kuirudisha ili ncha yake ijifiche ndani ya mwili wa plastiki. Ncha ikifichwa hivyo, unaweza kutupa katikati ya magugu na ikatoka bila kunasa. Iache izame, nyanyua ncha ya fimbo taratibu, iache izame tena. Besi wengi hukamata wakati wa kuzama, wala hutahisi mvuto mkubwa. Ni kama mtu amegonga mlango mara mbili kwa ukucha. Hapo kunja mshipi uliolegea, kisha vuta fimbo kwa nguvu, maana ncha lazima itoboe plastiki kabla ya kufika mdomoni mwa samaki. (Mnyoo huu ulianza kutengenezwa Akron, Ohio, mwaka 1949, na Nick Creme na mkewe. Nawashukuru kila ninapoutumia.)

Chambo cha pili kiwe cha bati linalozunguka, kile chenye waya uliopinda, sketi ya nyuzi za mpira na kibati kinachometa, gramu 10 hadi 14. Nakitaja kwa sababu ya maji ya Naivasha. Tangu kapu walipoonekana humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, nao ni samaki wa kuchimbua matope, maji mara nyingi yana vumbi, na besi wamekuwa wachache kuliko zamani. Katika maji ya namna hiyo kibati husikika kabla hakijaonekana. Rangi nyeusi na bluu kwa mnyoo, nyeupe kwa sketi, inatosha.

Jingine nalisisitiza hata ukisahau yote ya juu: loanisha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano na kudhoofika palepale, na samaki mkubwa atakuonesha ni wapi.

Mama Samaki wa Mbauda

Nimesoma kwa makini, lakini Nahodha, tusidanganyane kwa plastiki. Tangu nianze kuuza perege na kambale sijasikia samaki aliyekataa mnyoo wa kweli au kisamaki kilicho hai. Mgeni wa siku mbili ana muda wa kujifunza kuchezesha mpira majini? Achukue chambo cha kweli ale samaki arudi nyumbani. Achukue hata vile vitoto vya perege vya Nyumba ya Mungu kwenye ndoo.

Nahodha wa Usa River

Mama, kuhusu mnyoo sikupingi. Besi hula kilicho hai, na pale Naivasha amezoea kamba wekundu wa maji baridi wenye makoleo, ambao nao waliletwa kutoka Marekani mwaka 1970. Tatizo la chambo hai ni kwamba besi hukimeza mpaka tumboni, na ukitaka kumrudisha majini akiwa mdogo unamrudisha akiwa anakufa. Kwa plastiki, mara nyingi unamnasa pembeni ya mdomo. Ila kuhusu ndoo ya vitoto vya perege kuvuka nayo Namanga, hapana. Hapo namwachia aliyesomea mambo hayo.

Afisa Mstaafu wa Uvuvi

Nashukuru kwa kuitwa. Samaki hai asihamishwe kutoka maji haya kwenda maji mengine, iwe ni kuvuka mpaka au kutoka Mwanga kuja Tengeru. Ndani ya ndoo moja ya maji kuna vimelea, mayai ya konokono na vipande vya magugu ambavyo hutaviona. Mnyoo wa bustanini akanunuliwe hukohuko kwa shemeji.

Nimweleze Fundi pia kwamba uvuvi wa michezo una leseni yake pande zote mbili za mpaka. Huku kwetu uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na Kenya wana utaratibu wao, ambao shemeji aulizie ofisi ya uvuvi kabla hujafika. Kuna watu huogopa kubeba nailoni kwa sababu wamesikia timba imepigwa marufuku. Kinachokatazwa ni nyavu za nailoni ya uzi mmoja. Mshipi wa fimbo yenye ndoano moja si wavu.

Mpenda Duluti

Mimi nina wazo tofauti. Kwa nini watu wa Arusha na Moshi wafunge safari mpaka Kenya? Ziwa Duluti lipo hapa Tengeru, Chala lipo kule Rombo. Tukipata besi wachache tukawaachia humo, baada ya miaka michache tutakuwa na uvuvi wa michezo wetu wenyewe na watalii watakuja.

Afisa Mstaafu wa Uvuvi

Ndugu, wazo hili nililisikia mara nyingi nikiwa kazini, na kila mara lilitoka kwa mtu mwenye nia njema. Waliopeleka sangara Ziwa Victoria miaka ya 1950 nao walikuwa na nia njema, na furu, wale samaki wadogo wa asili ya humo, wa aina nyingi mno wametoweka tangu hapo. Ziwa lile ni kubwa kama nchi. Duluti na Chala ni maziwa ya kreta, ni kama vikombe, na samaki aliyemo hana pa kukimbilia. Chala lina perege wake ambaye asili yake ni humo na si kwingine popote duniani, na besi hatamuuliza cheti cha kuzaliwa. Mbali na hayo, kupandikiza samaki mgeni bila kibali ni kosa. Nakuomba wazo hilo uliache hapahapa.

Mpenda Duluti

Nimeelewa, mzee wangu. Nimeliacha.

Fundi wa Soweto (Moshi)

Ndugu zangu, sijui niwashukuru vipi. Leo nina taarifa. Rili ya spini nimeipata, saizi 3000, pamoja na fimbo ya mita 2, na nailoni ya ratili 12. Kwa kuwa sikutaka kuchoma watu, nilifunga nati badala ya ndoano, nikaweka beseni la mke wangu uwanjani kwa hatua ishirini, nikawa narusha kila jioni. Siku ya kwanza niligonga kila kitu isipokuwa beseni. Jana, katika mara kumi, nne ziliingia. Mke wangu ananiuliza kama Naivasha wanavua mabeseni.

Limebaki swali la Nyumba ya Mungu, na lingine jipya: shemeji amesema tutatumia mtumbwi wa rafiki yake asubuhi na mapema, nami nimesikia kuna viboko.

Nahodha wa Usa River

Beseni kwa hatua ishirini ni shabaha nzuri. Endelea hivyo, ila usogee mpaka hatua kumi na tano na ujaribu kurusha kwa chini, kama unayepenyeza kitu chini ya meza, kwa sababu mafunjo yanainama juu ya maji na samaki yuko chini yake.

Nyumba ya Mungu fimbo hiyohiyo itakufaa kwa perege, ukibadilisha ndoano ziwe ndogo, namba 8 au 10, pamoja na boya na donge la ugali au mnyoo mdogo. Uangalie namba zisikuchanganye: ndoano namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, lakini zikishaanza kuandikwa na sufuri, 3/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kwa kambale mkubwa wa usiku, mshipi wa ratili 12 ni mchezo wa bahati. Endelea na ule wako wa mkononi. Na kabla ya kwenda ulizia kwanza, kwa kuwa bwawa hilo limewahi kufungwa ili samaki wazaliane.

Kuhusu mtumbwi, kataa. Nasema hivi bila kumvunjia heshima shemeji. Viboko wa Naivasha asubuhi wanarudi majini kutoka malishoni, na wanapita kwenye mafunjo yaleyale unayotaka kuyarushia. Kodini boti yenye injini na mwendeshaji wa pale anayejua njia zao, vaeni majaketi ya kuokolea, na mwendeshaji akisema tuondoke mahali fulani, muondoke hata kama samaki ameanza kugonga. Beba na koleo la mdomo mrefu la kutolea ndoano. Wewe ni fundi umeme, najua unalo.

Fundi wa Soweto (Moshi)

Ninayo matatu. Boti tumekubaliana, shemeji amekodi ya tarehe 27. Beseni nimelirudisha jikoni, na nimenunua lingine.