Mnabadilisha kivinjari kwenye kompyuta ya wateja na kuzihamisha nywila zao. Nani aliwaruhusu?

Jamani, uzi huu ni wa hasira, na asiyetaka kusikia apite.

Kafe za intaneti, ofisi za uchapaji, maabara za kompyuta shuleni, kuanzia Kampala hadi Arua na Busia, hapa Uganda, mtindo ni ule ule. Kivinjari (Chrome, Firefox au Edge) kikiwa kizito, au tovuti moja ikikataa kufunguka, mtu wa kompyuta anapakua kingine, anabonyeza "ndiyo" kwa kila swali linalojitokeza, anaacha alama mpya kwenye skrini, anasema amemaliza. Amemaliza nini? Banange, hapo ndipo kazi inapoanza!

Hiyo "ndiyo" ya kwanza ndiyo inayonichoma. Kivinjari kipya kikifunguliwa mara ya kwanza huuliza kama kivute data kutoka kile cha zamani: alamisho (bookmarks), historia, nywila zilizohifadhiwa, na yale yaliyojazwa kwenye fomu. Nyumbani kwako ni sawa. Lakini kwenye kompyuta iliyojazwa fomu za TIN (namba ya mlipa kodi), maombi ya pasipoti na maombi ya chuo, "data za fomu" ni majina ya watu, namba zao za simu, NIN zao (namba za kitambulisho cha taifa), baruapepe zao. Si mali yako kuhamisha. Na hakuna kinachohama hapo, kinanakiliwa. Cha zamani kinabaki na kila kitu, kipya nacho kinashiba. Ulikuwa na tundu moja, sasa una mawili.

Wengine wanazidi hapo. Kuvuta moja kwa moja kukigoma, wanatoa nywila zote kwenye faili ya CSV kisha wanaiingiza upande wa pili. CSV ni maandishi matupu, ukiifungua kwa Notepad unasoma tovuti, jina na nywila mstari kwa mstari. Kisha faili inaachwa kwenye folda ya Downloads, folda ile ile ambayo kila mteja anaifungua kutafuta CV yake.

Usiniambie "Chrome huuliza nywila ya Windows kabla ya kuzionyesha". Huuliza iwapo akaunti ya Windows ina nywila. Kompyuta nyingi za wateja zina akaunti moja tu, haina nywila, na ina mamlaka yote ya msimamizi. Firefox nayo, kama hujaweka nywila kuu na akaunti ya Windows haina nywila, mtu akifika penye orodha ya nywila huzisoma bila kupigana na chochote. Na hata asipofika huko, akifungua ukurasa wa kuingia, kivinjari chenyewe kinamjazia.

Halafu kuna WhatsApp ya kwenye kompyuta, ambayo ndiyo njia kuu ya kuleta hati za kuchapisha siku hizi. Kila kivinjari kinahesabiwa kama kifaa kimoja kilichounganishwa, na akaunti inaruhusu vinne pamoja na simu. Mteja aliyeunganisha kwenye kivinjari cha zamani, akaja tena akaunganisha kwenye kipya, sasa ana vifaa viwili ndani ya kompyuta moja ambayo si yake. Kile cha zamani alama yake imeondolewa kwenye skrini lakini programu ipo, na anayeifungua anakuta ujumbe wake. Kufuta alama si kuondoa programu! Na hata kuondoa programu hakutoshi: Chrome ikiondolewa bila kuweka tiki kwenye swali la kufuta data za kuvinjari, folda ya User Data inabaki ndani ya AppData, na anayeisakinisha tena anakuta mambo yote kama yalivyokuwa.

Umeme nao. Mnajua wenyewe. Umeme ukikatika mteja akiwa ndani ya baruapepe yake, yeye anaondoka. Ukirudi, anayefuata anafungua kivinjari, anaulizwa kama arejeshe kurasa zilizokuwa wazi, anakubali, na anaingia moja kwa moja kwenye sanduku la barua la mtu mwingine, kwa sababu vidakuzi vya kikao (cookies zinazokumbuka kwamba umeingia) hurejeshwa pamoja na kurasa. Msitegemee ile swichi ya "futa data unapofunga madirisha". Hapo kivinjari hakikufungwa, kilikatwa.

Sasa hivi ndivyo inavyotakiwa. Kwanza, kabla hujapakua chochote, fungua kivinjari cha zamani na utoe alamisho za ofisi peke yake kama faili ya HTML (Ctrl+Shift+O hufungua alamisho kwenye Chrome na Firefox). Hizo tu ndizo zinazohama. Kisha Ctrl+Shift+Delete, muda uwe "wakati wote", weka tiki kila kisanduku, nywila na fomu zikiwemo. Angalia vizuri, kwa kawaida visanduku hivyo havina tiki, na kama nywila hazimo kwenye orodha hiyo, zifute penye orodha ya nywila yenyewe. Ondoa programu, kisha ingia %LOCALAPPDATA%\Google\Chrome, au %APPDATA%\Mozilla\Firefox, ufute folda iliyobaki. Ndipo usakinishe kipya, na kikiuliza kuhusu kuvuta data, kataa.

Sakinisha kwa faili kamili, si ile ndogo inayopakua mengine yenyewe. Ile ndogo ukiiwasha kwenye kompyuta 10 inapakua mara 10, na Chrome peke yake ni zaidi ya MB 100 kwa kila moja. Faili kamili unaipakua mara moja, unaibeba kwenye flashi. Na uisakinishe ukiwa msimamizi ili ikae Program Files. Mtumiaji asiye na mamlaka akisakinisha Chrome, inakaa ndani ya akaunti yake tu, na kila akaunti itapakua masasisho yake. Bando lenyewe limebeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na bado tunalichezea.

Mwisho, funga milango kwa sera, yaani mipangilio ambayo mteja hawezi kuibadilisha. Kwenye Rejista ya Windows (regedit), HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, tengeneza thamani za DWORD: PasswordManagerEnabled iwe 0 (isihifadhi nywila), BrowserSignin iwe 0 (mtu asiingize akaunti yake kwenye kivinjari), BrowserGuestModeEnforced iwe 1 (hali ya mgeni, isiyobakisha chochote dirisha likifungwa). Kwa Edge ni Policies\Microsoft\Edge: mbili za kwanza vile vile, ongeza AutoImportAtFirstRun iwe 4 ili isivute chochote inapoanza, na StartupBoostEnabled iwe 0 isikae nyuma ikila kumbukumbu. Hakiki kwa chrome://policy au edge://policy. Dakika 15 kwa kompyuta ya kwanza. Zinazofuata unabeba faili ya .reg yenye thamani hizo kwenye flashi hiyo hiyo.

Mnashindwa nini hapo?

Jibu 1

Umesahau wenye programu ya Deep Freeze, ndugu. Hao wanajiona wako salama kwa sababu kila kompyuta ikiwashwa upya inarudi ilivyokuwa. Sawa, lakini mtu anasakinisha kivinjari kipya mashine ikiwa imegandishwa, asubuhi hakipo, anasakinisha tena, anailaumu kompyuta. Ubaya zaidi ni pale alipoyeyusha, akasakinisha, akagandisha, kisha akasahau masasisho. Chrome hutoa toleo kubwa jipya kila baada ya wiki chache, na marekebisho ya usalama katikati. Mashine iliyogandishwa inapakua sasisho, inazimwa, inalisahau, kesho inalipakua tena. Kompyuta 10 zikivuta MB 100 kila asubuhi, hiyo ni GB 1 kwa siku kwa kazi ya bure. Halafu mwenye kafe analalamika kwamba kampuni ya simu inamwibia bando.

Dawa: shikilia Shift ubofye mara mbili alama ya dubu (au Ctrl+Alt+Shift+F6), chagua iwake ikiwa imeyeyushwa, safisha, sakinisha, sasisha, kisha gandisha. Rudia kila wiki nje ya saa za wateja. Na ole wako ugandishe ukiwa umeingia kwenye Gmail yako. Kila asubuhi mashine itaamka na wewe ndani.

Jibu 2

Mzee, hasira yako naielewa, lakini hali ya mgeni inafukuza wateja. Hakuna alamisho, hakuna viendelezi (programu ndogo za kuongezea kivinjari uwezo), na ukifunga dirisha kila kitu kinapotea. Kuna watu wanaingia kila siku kujaza fomu za mapato, wanataka wakute ukurasa wao pale pale na nywila yao imehifadhiwa. Ukiwaambia waandike anwani wenyewe, wanaandika jina la ofisi kwenye kitafutio, wanabofya tangazo la juu kabisa, wanaangukia kwenye tovuti ya matapeli. Hapo umemlinda au umemtupa?

Mwenye uzi

Hoja ya anwani ni ya kweli, na dawa yake ipo. Tengeneza njia ya mkato kwenye skrini, na sehemu ya lengo, baada ya chrome.exe na alama za kufunga nukuu, acha nafasi uandike --guest kisha anwani kamili, kwa mfano https://ura.go.ug au https://passports.go.ug. Mteja anabofya mara mbili, anafika penyewe bila kupita kwenye kitafutio. Weka njia za mkato 5 au 6 za huduma wanazotafuta zaidi, uzipe majina wanayoyajua. Na dirisha la mgeni halirejeshwi baada ya umeme kukatika, kwa hiyo shida ile nayo imekwisha.

Hoja ya kuhifadhiwa nywila siikubali hata kidogo. Mteja wa kila siku ana simu au daftari. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Haina kifungu cha "lakini wateja walipenda".

Jibu 3

Niongeze la mashine kuukuu, maana nusu ya kuhama huku hakukuwa na haja. Tovuti zote zinasema muunganisho si salama, mtu anaamua kivinjari kimeoza. Tazama saa kwanza! Betri ndogo ya kwenye bodi, CR2032 ya volti 3, ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Cheti cha tovuti kikilinganishwa na tarehe hiyo kinaonekana hakijaanza kutumika, na kivinjari kinaandika ERR_CERT_DATE_INVALID. Ukibadilisha kivinjari, kipya kitaandika hayo hayo kwa maneno mengine. Na kumfundisha mteja abofye "endelea hivyo hivyo" ni kumzoesha kupuuza onyo la kweli siku litakapokuja. Badilisha betri, rekebisha saa.

Kama ni Windows 7 au 8.1, hapo kweli kuna tatizo. Chrome na Edge viliishia toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Msitafute "Chrome mpya ya Windows 7" kwenye tovuti za ajabu ajabu. Firefox ESR 115 (toleo la kudumu muda mrefu) ndiyo iliyobeba mifumo hiyo, na lazima uichague hiyo kwa namba. Firefox ya kawaida ukiipakua itakataa kusakinika. Ni mkongojo tu. Windows 7 yenyewe haijapata marekebisho ya kawaida tangu Januari 2020. Kama RAM ni GB 2, weka Linux nyepesi uachane na haya yote.

Jibu 4

Na VPN (njia ya kupitia seva nyingine ili kukwepa kufungwa kwa tovuti) hamsemi? Tangu Facebook ilipofungwa hapa Januari 2021, watu wanahamia kivinjari chochote chenye VPN ndani, au wanapachika kiendelezi cha bure. Kwenye simu yako ni shauri yako. Kwenye kompyuta ya watu wengi, kiendelezi kilichopewa ruhusa ya "kusoma na kubadilisha data zako zote kwenye tovuti zote" kinaona kila mteja anayekaa hapo, hata asiyejua Facebook ni nini. Kizuieni kwa sera: chini ya ufunguo ule wa Chrome tengenezeni ufunguo mdogo ExtensionInstallBlocklist, ndani yake thamani ya maandishi iitwayo 1, yenye alama ya *. Hakuna kitakachopachikwa.

Jibu 5

Mimi nipo kwenye hiyo Firefox ESR 115. Rejista ya Chrome hainisaidii. Nifanyeje, dada au kaka mwenye uzi?

Mwenye uzi

Nenda C:\Program Files\Mozilla Firefox, tengeneza folda iitwayo distribution, ndani yake weka faili policies.json yenye maneno haya:

{ "policies": {
"OfferToSaveLogins": false,
"PasswordManagerEnabled": false,
"DisableFirefoxAccounts": true,
"DisableFormHistory": true,
"SanitizeOnShutdown": true
} }

Mstari wa mwisho kabla ya mabano hauna mkato. Ukiuweka, faili nzima inakataliwa. Kisha ingia about:config, tafuta browser.sessionstore.resume_from_crash, ifanye false, hiyo ni kwa ajili ya umeme. Zima Firefox, iwashe, andika about:policies. Ukiona sera 5 zimeorodheshwa, tayari. Ukiona hakuna kitu, angalia jina la faili: Notepad hupenda kuongeza .txt mwishoni kimyakimya, na Windows huficha viambishi hivyo, kwa hiyo unaona policies.json kumbe ni policies.json.txt. Unapohifadhi, chagua aina ya "faili zote".

Na wateja waliokwisha kuacha akaunti zao kwenye kivinjari cha zamani, waambieni leo. Kwenye simu, WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, watoe kila wasichokijua. Kwa Gmail, myaccount.google.com, usalama, vifaa vyako, waondoke kwenye kila kompyuta isiyo yao, kisha wabadilishe nywila.